Kadi ya Dhahabu na Mguu Uliobaki

Siku hizi wanaoingia dukani kwangu na mguu uliofungwa bandeji ni wengi. Mtu akishanunua alichonunua, anazungukazunguka mlangoni, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Mzee Masanja, ile kadi yako ya ndege, inafaa kweli kwa watu kama sisi?" Nimejibu mpaka mdomo umechoka, ndiyo maana naandika. Shule nilifika darasa la nne tu, lakini barua za biashara nimeandika nyingi kwa mkono wangu na zilijibiwa, kwa hiyo na hii mtaielewa.

Kwanza mnijue. Mimi sikuletwa Mpanda na mjomba wala na cheo. Nilishuka kwenye treni nikitoka upande wa Urambo, kijana wa Kinyamwezi mwenye kaptula moja, nikaanza kupakia magunia palepale stesheni. Waulizeni waliokuwepo. Wenzangu walibeba gunia moja, mimi nilibeba mawili, la mpunga chini, la karanga juu, na njiani napiga mluzi. Mgongo huu ndio uliozaa duka, ukazaa lori, ukazaa mashine ya kukoboa mpunga ambayo ukisimama sokoni unaisikia inavyonguruma. Nilipoanza kupeleka asali na nta Dar es Salaam, treni nikaiona inanichelewesha. Nikapanda ndege.

Kulikuwa na kampuni moja ndogo iliyokuwa inaleta ndege Mpanda mara moja kwa wiki, inapita Tabora, inafika Dar. Ndege yenyewe ndogo, ukipiga chafya mbele wa nyuma anakuambia pole. Wafanyabiashara tuliosafiri sana walitupa kadi. Unaanza na ya kijani. Ukizidi kusafiri unapandishwa, unapewa ya dhahabu. Mwenye ya dhahabu anakaa kiti cha mbele, anaongezewa uzito wa mizigo, anaitwa wa kwanza, na hata ndege ikijaa kiti chake kipo. Mpanda nzima wa kwanza kupata ya kijani nilikuwa mimi. Niliivaa kwenye mfuko wa shati, imechungulia kidogo ili wasiojua waulize.

Ugonjwa uliniingia kwa kiu. Kiangazi kile nilikunywa maji kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka Shinyanga. Suruali zikalegea, mkanda nikautoboa matundu mapya kwa msumari. Watu wakaanza kunong'ona yale waliyonong'ona miaka ile wakiona mtu anakonda. Wateja wengine wakawa wanaacha hela juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Mke wangu, Mama Shija, hakunong'ona. Alinishika mkono mpaka hospitali akamwambia daktari, "Mpime kila kitu, na majibu tusikie wote wawili." Yakatoka: sukari. Nilicheka palepale kwa furaha, nikawanunulia wagonjwa wa benchi zima soda. Ndugu zangu, nyie msicheke kama mimi.

Sukari ina subira. Ilianza kunitia ganzi miguuni, taratibu, mimi niko kazini. Kisha nikanunua viatu vipya vya ngozi, vya Dar, vya mtu mwenye kadi. Cha kushoto kilinibana kisigino siku nzima nisijue. Jioni Mama Shija ndiye aliyeona soksi imelowa damu. Kidonda kile kiligoma kila dawa, za hospitali na za mizizi. Kikageuka rangi, kikaanza kutoa harufu ambayo mimi nilisema ni ya panya aliyekufa chini ya magunia, na watoto wakainama wasinitazame. Mvua za kwanza zilipoanza kugonga bati, mimi nilikuwa Dar es Salaam nimelazwa, na mguu wa kushoto chini ya goti haupo.

Sitaeleza habari za kisu, nililala. Nieleze benchi. Nyie mtakaokwenda mtajua kwamba ugonjwa huu ni wa mabenchi. Benchi la kupima mkojo, benchi la daktari, benchi la dirisha la dawa, benchi la fundi wa miguu ya bandia. Unakaa makalio yanakufa ganzi nayo. Mguu usiokuwepo unakuwasha vidole, unainama kujikuna, mkono unakuta hewa. Jirani yako anaona, anaangalia pembeni. Hapo ukipata mtu wa kukuambia "Hata mimi wangu unawasha," huo ni msaada mkubwa kuliko kidonge.

Daktari akasema nirudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, wanitazame kigutu na, zaidi ya kigutu, wautazame mguu wa kulia. "Mzee," alisema, "huu uliobaki uuchunge kama mboni ya jicho. Ukikatwa na huu, sina gongo la kukupa."

Safari ya kwanza ya kliniki tulikwenda kwa treni, mimi na Mama Shija. Nasema kweli, sikuipenda. Behewa limejaa watu, kuku, ndoo za asali, mtoto amelala juu ya magongo yangu. Kwenda msalani ilikuwa vita. Watu walinipitisha juu kwa juu, huyu ananishika kwapa, yule kiuno, mama mmoja wa Mishamo anaamuru kwa sauti, "Mpisheni mzee, mpisheni!" Mimi niliyebeba magunia mawili, leo gunia ni mimi! Tulipofika Tabora kubadilisha behewa nilimwambia mke wangu, "Hii ni mara ya mwisho. Nitapanda ndege kama mwanaume."

"Ndege ina ngazi, Baba Shija."

"Na mimi nina kadi."

Basi mwaka ule nikaifukuzia ya dhahabu. Kila kliniki, ndege. Kila mzigo wa nta, ndege, hata ambao ningeweza kumtuma mtu. Mama Shija akawa anakasirika. Alisema pesa za mashine zinaruka angani na mimi ninazidi kuchoka. Wakati wa chakula yeye ananipimia ugali kwa mwiko kama anampimia mtoto, mimi nasukuma sahani. Lakini kadi nikaipata. Meneja wa kampuni pale Mpanda, kijana mwenye tai, alinikabidhi mbele ya abiria na wakapiga makofi.

Sasa nijibu swali lenu kwa haki. Kadi ile ilinisaidia, nisiwe mchawi. Dar es Salaam walikuwa na chumba cha wenye kadi. Kina viti vyenye migongo, feni, na choo hatua chache tu. Mwenye sukari anajua choo cha karibu ni neema gani. Kiti cha mbele kina nafasi, kigutu kinanyooka. Uzito wa ziada ulibeba magongo, mguu wa bandia na mtungi wangu wa maji bila maneno. Hayo ni ya kweli, na kwa hayo nashukuru.

Lakini ngazi haikuniuliza nina kadi ya rangi gani. Meneja anatangaza, "Wenye kadi ya dhahabu kwanza!" Wa dhahabu ni mimi peke yangu. Natoka kwenye kibanda na magongo, uwanja mzima unanitazama. Nilikuwa nageuka, naipa ndege mgongo, nakaa kwenye kidaraja cha chini, najivuta juu kinyumenyume kwa makalio na mikono, kidaraja kwa kidaraja, jasho linatoka. Mama Shija chini ameshika magongo, uso ameuelekeza kwenye miti.

Na pembeni amesimama Pazi.

Huyu Pazi alikuwa mpakiaji mizigo wa kampuni, Mzaramo aliyeletwa kutoka Dar. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu mpaka pwani kwao. Mtani anakutukana huruhusiwi kununa. Mtani anachukua kofia yako na huidai. Msibani kwako watu wanalia, yeye anacheka, na bado ndiye anayeshika mwili.

"Mnyamwezi!" alikuwa akiniita kutoka kwenye mizigo. "Chura gani anapanda ngazi kwa makalio? Njoo mgongoni nikubebe, sitakudai hata korosho."

"Mgongo wako wa kula samaki utanibeba mimi? Nitakuvunja!"

"Mwanaume akikataa mgongo anataka jeneza."

Abiria wanacheka. Siku moja alikuja kweli, akachuchumaa mbele yangu. Nilimpiga gongo la bega. Alilipokea akicheka, akasema, "Hilo nimelihifadhi, mtani, nitalidai," akarudi kwenye magunia yake. Mimi nikapanda kwa makalio.

Ikaja masika ya mwaka uliofuata. Asubuhi moja Mama Shija ananiosha mguu wa kulia, kama kila asubuhi, akauinua kwenye mwanga. Kidole kidogo kilikuwa cheusi upande, na pembeni yake kumevimba. Sikuwa nasikia kitu. Daktari wa Mpanda alikibonyeza, akaninusa mguu kama mtu anayenusa nyama sokoni, akavua miwani.

"Mzee Masanja, hapa sina vifaa. Nenda Dar sasa hivi. Ikipanda ikafika kwenye unyayo, wataukata na huu."

Treni ilikuwa inaondoka siku ileile. Ndege ilikuwa kesho yake. Kwa hesabu ya kila mtu mwenye akili ndege ingefika Dar kabla ya treni, na mimi nikaishika hesabu hiyo. Mama Shija alikuwa ameshafunga nguo kwenye kanga.

"Twende stesheni," alisema.

"Kwenye treni nitaoza njiani. Kesho mchana niko Dar. Kiti changu kipo hata ndege ijae, wameandika wenyewe."

"Mvua hii unaiona? Ndege isipotua?"

"Itatua."

"Baba Shija, treni ina watu."

"Na ndege ina nini, mbuzi?"

Alikaa juu ya mzigo wake palepale ukumbini. Jioni tuliisikia treni ikipiga honi inaondoka, ndefu, halafu mara ya pili mbali upande wa mto. Mke wangu alisimama akaenda kuwasha jiko.

Kesho yake tukawa uwanjani mapema. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya ndege imejaa madimbwi. Tulikaa kwenye kibanda cha bati pamoja na abiria wengine: wafanyabiashara wa dhahabu, padri wa kutoka Karema, mama mwenye kichanga. Mchana ukapita. Homa ikaanza kunipanda, meno yanagongana huku jasho linatoka. Mama Shija akafungua bandeji kuangalia, akaifunga haraka. Mimi niliona uso wake, sikuuliza. Meneja anazunguka na redio ya mawasiliano, anasema, "Bado Tabora, wanasubiri mawingu." Kila aliposema mawingu nilikiona kidole changu.

Ndege ilikuja jua likiwa linashuka magharibi, upande wa Karema. Ilizunguka juu mara ya kwanza ikapita. Watu wote tukasimama, na mimi na magongo yangu. Ikazunguka tena, ikatua, matope yakaruka mpaka kwenye mbawa. Rubani akashuka akasema haraka, anataka kuondoka kabla mvua haijarudi. Alikuwa mgeni kwetu, hatujawahi kumwona. Meneja akatangaza kwa kujivuna, "Mwenye kadi ya dhahabu kwanza!"

Nikatoka. Rubani akanitazama magongo, akatazama mguu uliofungwa, akatazama homa inavyonitikisa.

"Huyu anasafiri na nani?"

"Na mke wake," akasema meneja. Halafu akaangalia orodha yake, na tai yake ikaonekana kumbana. "Ila... ndege imejaa. Kadi inampa kiti yeye. Msindikizaji hana kadi."

"Mgonjwa wa hivi simchukui peke yake," akasema rubani. "Ndiyo utaratibu. Likitokea jambo, nani atamtoa?"

Hapo ndipo mjue, nyie mnaoniuliza. Kadi iliweza kumshusha mtu mwenye tiketi ili mimi nipande, lakini haikuweza kumpandisha mke wangu. Na mimi bila mtu sikuruhusiwa. Nilikuwa na kiti ambacho sikuweza kukikalia. Nilianza kupiga kelele. Nilitoa kadi, nikaipunga usoni kwa rubani, nikasema mimi ni Masanja, mashine yangu inasikika mpaka sokoni, nikasema mengi ambayo homa ilinifundisha. Rubani akageuka kwenda kukagua gurudumu. Padri alisema yuko tayari kumwachia Mama Shija kiti, lakini tiketi yake ilikuwa ya Tabora tu, na kutoka pale kiti kilikuwa na mtu mwingine. Wale wafanyabiashara wa dhahabu walitazama viatu vyao. Treni ilikuwa imeshakwenda na nyingine ilikuwa baada ya siku nyingi.

Mama Shija alimfuata rubani kwenye matope. Nilimsikia anasema, "Mwanangu, ikipita kesho ule mguu haupo."

"Mama, naelewa. Siwezi."

"Msindikizaji wake ni mimi," sauti ikasema.

Ilikuwa Pazi. Amekaa juu ya ndoo ya asali, anafunga kamba. Siku ile alikuwa anakwenda likizo kwao, na wafanyakazi walipewa kile kiti kidogo cha mwisho kabisa, karibu na mizigo, ambacho abiria haruhusiwi.

Meneja akasema, "Pazi, acha mzaha. Wewe si ndugu yake."

"Ndugu? Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Akifa, nani atakayezuia jeneza lake mlangoni mpaka apewe ng'ombe? Ndugu zake? Ni mimi! Sasa maiti yangu mnataka ioze Mpanda, kisha pwani nikadai nini?"

Padri alianza kucheka, mama mwenye kichanga akacheka, hata wale wa dhahabu. Rubani akasimama.

"Kweli ni mtani wako?" akaniuliza.

Watu wote wakanigeukia. Nikaangalia bega la Pazi, lile nililolipiga. Nikasema, "Ni mtani wangu. Mbaya sana."

"Basi atamtoa likitokea jambo," rubani akamwambia meneja. "Mtani hawezi kumwacha. Pandeni."

Mama Shija akamvuta Pazi pembeni akaanza kumfundisha kwa haraka, bandeji hii, sindano hii, chupa hii. "Shemeji, akiomba chai ya sukari mtukane." "Hilo, shemeji, usihofu, nilizaliwa nalo." Alimpa pia kanga yake, ile aliyofungia nguo tangu jana.

Kisha Pazi akaja akachuchumaa mbele yangu kwenye matope. Nikaona mgongo wake, shati limelowa, mwembamba kuliko nilivyodhani. Nikaangalia ngazi. Nikajua mikono yangu leo haiwezi. Nikaangalia abiria.

"Panda, mpagazi," alisema. Halafu akapaza sauti uwanja usikie: "Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu, tukawacheka. Leo pwani imekuja yenyewe kumbeba Mnyamwezi! Andikeni!"

Hapo nilicheka. Sijui ni homa. Nikamkumbatia shingo, akasimama, magoti yakamlia. Tulipofika katikati ya ngazi alisimama kupumua, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "Usiogope, mzee wangu. Sikuangushi." Kisha akapaza tena: "Huyu mzito! Amekula mashine nzima!"

Mama Shija alibaki chini, hana kanga, mikono kichwani. Ndege iliporuka nilimwona mdogo, kisha nikaona mawingu tu.

Dar es Salaam Pazi alinishusha kwa mgongo, akanitia kwenye teksi, akanibeba tena mpaka mapokezi. Likizo yake ya kwanza aliila kwenye benchi langu, anawatania manesi. Walikata kidole kile na cha jirani yake. Daktari alikuja kesho yake akaniambia unyayo umepona. Niliomba wanifunue niuone. Nikautazama mpaka nikalala.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama unasafiri mara nyingi, chukua kadi, choo cha karibu si kitu cha kudharau. Lakini kabla hujaifukuzia, uliza: na mtu wangu naye? Mimi niliporudi nilimwambia meneja jina la Mama Shija liandikwe kwenye kadi pamoja na langu, au waichukue. Akaandika Dar. Dar wakajibu haiwezekani. Sasa nakata tiketi mbili, nafika nimelala begani kwa mke wangu, na kadi bado ninayo, kwa ajili ya choo. Wiki ambazo siku ya treni iko karibu na ya kliniki, tunapanda treni.

Kliniki ya kwanza baada ya pale, kiangazi kimeshaingia, uwanja umekauka, meneja akatangaza kama kawaida, "Wenye kadi ya dhahabu kwanza!" Nikabaki nimekaa. Akatangaza tena, akaninyooshea mkono. Abiria wakanigeukia, mimi Masanja.

"Waache wapande," nikamwambia. "Mimi nasubiri."

Pazi alikuwa bado anapakia. Alimaliza gunia la mwisho, akajifuta jasho kwa kanga ya Mama Shija ambayo hajairudisha mpaka leo, na hatudai. Akaja akachuchumaa mbele yangu. Nikampa Mama Shija magongo, nikanyoosha mikono yote miwili juu.